Je, Wajua? Ziwa Natron, Jirani Asiyenyweka

Tuliliona ziwa kabla hatujalifikia, na hapo hapo tukaanza kubishana juu ya rangi yake. Dereva alisema ni jeupe. Binamu yangu, aliyekaa mbele na simu mkononi, alisema ni la waridi. Mimi nilikuwa naona wekundu uliopauka, kama maji ya mwisho ya kusuuzia kanga mpya. Kijana wa Kimaasai tuliyempa lifti Engaruka, mwenyeji wa huko chini, alitusikiliza wee, kisha akasema, "Subirini jioni, kaka zangu. Mtabishana upya."

Hilo ndilo Ziwa Natron, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania, ncha yake ya juu ikiugusa mpaka wa Kenya. Likijaa linaweza kufika urefu wa kilomita 57 na upana wa kilomita 22, lakini kina chake hakifiki hata mita 3. Ni ziwa la kuvuka kwa miguu, kama lingekubali kuvukwa. Kwenye mitandao wanaliita ziwa la mauti, na picha za ndege waliogeuka mawe zinazunguka kila mwaka kama habari mpya. Nimelala usiku mmoja kando yake, hema likipigwa na upepo na sufuria yangu ikiharibika, na bado naona jina hilo ni kulisingizia.

Pancha ya Engaruka

Kutoka Mto wa Mbu hadi Ngare Sero ni zaidi ya kilomita 100 za vumbi. Barabara imejikunja kama bati la nyumba: ukienda polepole meno yanagongana, ukienda kasi gari linaelea na huna hakika kama breki bado ni zako. Pancha ilitupata karibu na Engaruka. Jeki ikazama kwenye vumbi laini la majivu ya volkano, tukaitoa, ikazama tena, mpaka binamu akatoa kibao chake cha kukatia nyama na kukitia chini ya jeki. Kibao kilipasuka, lakini tairi lilibadilishwa. Mpaka leo ananidai.

Wakati nimekaa kwenye jiwe nikisubiri, sikujua kwamba mawe ya eneo lile yana historia ndefu kuliko safari yetu yote. Kuanzia karibu karne ya 15 hadi ya 18, chini ya ukingo huo wa Engaruka waliishi maelfu ya wakulima. Walichimba mifereji, wakaikingia mawe pembeni, wakayaongoza maji ya vijito kutoka mlimani hadi kwenye vishamba vilivyopangwa kwa kuta fupi za mawe. Mashamba hayo yalienea takriban hekta 2,000. Mzungu wa kwanza kuyaandika magofu hayo, Mjerumani Gustav Fischer, alipita mwaka 1883 na kukuta wenyewe wameshaondoka zamani. Ukipita leo utaona mbuzi, vumbi na mikunga. Ukiambiwa hapa palikuwa na kilimo cha umwagiliaji cha watu maelfu, unamtazama msemaji mara mbili.

Kwa nini maji yamekuwa magadi?

Swali hili binamu aliliuliza akiwa anakunywa soda, na jibu lake ni jepesi kuliko linavyodhaniwa. Ziwa Viktoria lina mlango wa kutokea, yaani Mto Naili pale Jinja. Tanganyika linatokea kwa Mto Lukuga kwenda Kongo. Nyasa linatokea kwa Shire. Natron halina mlango. Maji yanaingia kwa Mto Ewaso Ng'iro wa Kusini unaotoka Kenya, kwa vijito vya ukingoni na kwa chemchemi za moto, halafu yanakwama. Anayeyatoa ni jua peke yake, na jua huchukua maji matupu. Chumvi inabaki, mwaka baada ya mwaka, kama ukoko unavyobaki kwenye sufuria ya ugali.

Ila si chumvi ya mezani. Milima inayolizunguka ziwa ni ya volkano zenye wingi wa sodiamu, na maji yanayopita kwenye miamba na majivu yake huyeyusha sodiamu kabonati, yaani magadi. Kwenye kipimo cha pH, maji safi yako kwenye 7 na bahari ya Tanga au Mombasa iko karibu na 8. Natron hupita 9, na maji yakipungua huvuka 10. Mtu akiona tofauti ya namba mbili anaweza kudhani ni kidogo. Kila namba moja ya kipimo hicho ni mara kumi ya ile iliyotangulia.

Niliyajaribu kwa mkono. Nilichuchumaa ukingoni, nikachota. Yalikuwa ya moto kama maji ya kuogea, na yaliteleza katikati ya vidole kama nimeshika sabuni. Kumbe ndivyo ilivyo hasa: magadi yanashika mafuta ya ngozi na kuanza kuyageuza sabuni. Mkono ulipokauka ulibaki na ngozi nyeupe ya pili, iliyokaza, na mkwaruzo mdogo nilioupata wakati wa kubadili tairi ukaanza kuwaka kama umepakwa pilipili. Kijana wetu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Sasa suuza kwa maji ya dumu," akasema, "na usijipanguse usoni." Nilikuwa nimeshajipangusa.

Wekundu tuliobishania nao una mwenyewe. Maji yakipungua na magadi kukolea, huzaliana vijidudu vinavyopenda chumvi kali, na miili yao ina rangi nyekundu na ya machungwa. Havionekani kwa macho, lakini vikiwa vingi kupita hesabu hulipaka ziwa zima. Mahali magadi yamekauka kabisa hujitokeza vigae vyeupe vyenye pembe nyingi, na katikati ya kigae na kigae mstari wa waridi. Jioni ilipofika tulibishana upya kweli.

Magadi ya chunguni na magadi ya Firauni

Msomaji aliyewahi kukariri jedwali la elementi atakumbuka kero hii: kwa nini sodiamu inaandikwa Na wakati jina lake halina n mwanzoni? Jibu liko kwenye jina la ziwa hili. Wamisri wa kale walichimba kwenye mabonde makavu chumvi waliyoitumia kufulia, kutengenezea vioo na kukaushia maiti za wafalme. Mwili ulifukiwa ndani ya chumvi hiyo kwa siku kama 40 kabla ya kufungwa sanda. Chumvi hiyo kwa lugha za Ulaya ni natron, na kutoka hapo kukapatikana neno la Kilatini natrium, na kutoka natrium tukapata Na. Kwa hiyo kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayeandika NaCl daftarini anaandika herufi mbili za jina la ziwa hili bila kujua.

Sisi Waswahili tumeipa chumvi hiyo jina letu, magadi, na hatukuitumia kwa maiti bali kwa maharage. Ziwa Magadi la Kenya, lililo kaskazini tu ya Natron, limebeba jina hilo wazi wazi. Kampuni ya kuchimba magadi hayo iliundwa mwaka 1911, na ikajengewa reli yake kutoka Konza. Mzigo mkubwa huenda kwenye viwanda vya vioo na sabuni. Mzigo mdogo, ule wa sokoni kwenye vifungu vya shilingi mia mbili, huenda chunguni. Magadi hulegeza kile kinachoshikilia ganda la harage, ndiyo maana makande yanaiva kabla mkaa haujaisha, na kisamvu kinabaki na ukijani wake. Ukizidisha, chakula kinaonja sabuni, na vitamini B1 iliyokuwa kwenye maharage inapotea. Bibi yangu hakuwahi kusikia habari za vitamini, lakini mpishi aliyezidisha magadi alimwita mvivu wa kuchochea moto.

Heroe, na ngome yao ya tope

Hapa niombe muda, maana hawa ndio wenye ziwa.

Heroe ni wale ndege wa waridi wenye miguu kama fimbo ambao wengi wetu siku hizi tunawaita flamingo. Wako wa aina mbili Afrika Mashariki, wakubwa na wadogo. Heroe wadogo wanaonekana Nakuru, Bogoria, Manyara, Magadi, ndani ya kreta ya Ngorongoro, na watalii huwapiga picha huko. Lakini kuzaa ni habari nyingine. Inakadiriwa kwamba heroe wadogo watatu kati ya kila wanne duniani wameanguliwa Natron. Mahali pengine wanapozalia ni pa kuhesabu kwa vidole, kama Etosha kule Namibia, Makgadikgadi kule Botswana na Kutch kule India. Katika Afrika Mashariki nzima, Natron ndiyo wodi yao ya wazazi ya kudumu. Ndiyo sababu mwaka 2001 eneo hili liliingizwa kwenye orodha ya ardhioevu za umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Kwa nini wachague mahali pa ukali kiasi hiki? Kwa sababu ya ukali wenyewe. Katikati ya ziwa, magadi na tope hutengeneza visiwa ambavyo fisi hawezi kuvifikia, wala mbweha, wala mtu. Heroe hujenga hapo vichuguu vya tope vya sentimita 30 hivi, juu kuna kibonde, na kwenye kibonde yai moja. Tope la chini linaweza kuunguza. Juu ya kichuguu kuna nafuu na upepo kidogo. Kifaranga akitoka ni wa kijivu, mdomo umenyooka kama wa ndege wengine, na wazazi wote wawili, baba na mama, humlisha maziwa ya kooni ambayo ni mekundu. Wekundu wa wazazi wenyewe unatoka kwenye chakula: vijani vidogo sana vya majini ambavyo hustawi kwenye magadi. Jamaa wa vijani hivyo ndio spirulina inayouzwa mijini ndani ya vichupa kama dawa ya afya, na Wakanembu wa Ziwa Chad wamekuwa wakikausha ya kwao na kuitia kwenye mchuzi tangu zamani, bila kichupa.

Anayewafikia heroe ni yule mwenye mabawa. Kongoti, yule ndege mwenye kipara anayeshinda kwenye majalala yetu, akitua katikati ya viota, kundi zima linaweza kuhama na kuacha mayai.

Binadamu mmoja alijaribu kwa miguu. Leslie Brown alikuwa afisa wa kilimo nchini Kenya, mpenzi wa ndege kupita kiasi, na mwaka 1954 alithibitisha kwamba Natron ndiko heroe wadogo wanakozaa, jambo lililokuwa kitendawili hadi hapo. Kuwaona kutoka kwenye ndege hakukumtosha. Alishuka, akaanza kutembea juu ya ganda la magadi kuelekea viota. Ganda likawa linavunjika, miguu inazama kwenye tope, magadi yanaingia kwenye viatu. Alirudi akiwa hoi, miguu imebabuka, akalazwa hospitalini kwa wiki kadhaa.

Nilikuwa nimeisoma habari hiyo kabla ya safari, na bado nilikanyaga. Hatua tano tu kutoka ukingoni, ganda lilionekana gumu kama sakafu ya saruji. Hatua ya sita mguu ukaingia hadi ugoko, na kilichotoka kilikuwa tope jeusi linalonuka yai bovu. Kiatu kilibaki ndani. Kijana alikitoa kwa fimbo yake ya kuchungia, akakishika kwa mbali, akanipa bila kusema neno. Dereva ndiye aliyesema, na alisema mengi.

Mwaka 1962 heroe nao walikosea njia. Mvua zilikuwa nyingi kuliko kawaida, Natron ikafurika, na mamia ya maelfu wakahamia Magadi kutaga. Huko magadi yalikuwa mazito mno. Vifaranga walipotembea kwenye maji, chumvi iliganda miguuni ikawa vikuku, vikuku vikawa pingu, vikakua hadi mtoto wa ndege hawezi kuinua mguu. Watu wa kujitolea waliingia ziwani na kuvivunja kimoja kimoja, wakaokoa vifaranga kwa maelfu. Siwezi kufikiria kazi ya kuchosha mikono kuliko hiyo chini ya jua lile.

Mpango wa kujenga kiwanda cha magadi Natron ulipotangazwa miaka ya 2000, mabishano yalikuwa makali, na hoja iliyokuwa mbele ilikuwa hawa hawa heroe. Macho ya wapangaji yalihamia baadaye bonde la Engaruka, ambako nako chini ya ardhi kuna akiba kubwa ya magadi. Kwa hiyo pale tulipopasulia kibao cha binamu tulikuwa labda tumekaa juu ya mali.

Samaki anayekojoa kama sisi

Kwenye vidimbwi vya chemchemi za moto, pembeni mwa ziwa, kuna perege. Wadogo, urefu wa kidole, lakini perege kamili, na wanaogelea kwenye maji ambayo wewe ungeyapoza kwanza kabla ya kumwogeshea mtoto. Wa Natron na wa Magadi ni ndugu: zamani maziwa haya mawili yalikuwa ziwa moja kubwa na baridi zaidi, na lilipopungua, takriban miaka 10,000 iliyopita, kila ukoo ukabaki upande wake.

Cha ajabu kiko kwenye mkojo. Samaki wa kawaida hutoa uchafu wa mwili kama amonia, ikipitia kwenye matamvua na kupotelea majini. Katika maji ya magadi amonia haitoki vizuri. Ingebaki mwilini na kumuua. Perege wa Magadi amepata njia: anaigeuza yote kuwa urea, kama ufanyavyo wewe na mimi. Hilo lilithibitishwa na wanasayansi miaka ya 1980. Na usiku hewa ikipungua majini, hupanda juu na kuvuta hewa kwa mdomo.

Lava baridi na theluji ya uongo

Kutoka mlangoni mwa hema, kusini, Ol Doinyo Lengai ulikuwa umesimama peke yake kama pia iliyopinduliwa. Jina ni la Kimaasai, mlima wa Mungu. Urefu wake ni mita 2,962, na kwa mbali kilele chake ni cheupe kiasi kwamba mgeni huuliza kama ni theluji.

Si theluji. Huu ndio mlima pekee duniani uliokwisha kuonekana ukitoa lava ya kabonati, iliyojaa sodiamu na potasiamu. Lava ya kawaida hutoka ikiwa na nyuzijoto 1,100 hivi. Ya Lengai hutoka na 500 hadi 600. Mchana haiwaki. Ni nyeusi, nyepesi, inakwenda kama oili chafu iliyomwagwa gereji, na mtu anaweza kuidhania tope. Usiku ndipo inapoonyesha wekundu hafifu. Halafu ikikutana na unyevu wa hewa, ndani ya saa au siku chache, inabadilika kuwa nyeupe na kumomonyoka. Theluji ile ni magadi. Mwanajiolojia J. B. Dawson alipoitambua lava hiyo ndani ya kreta mwaka 1960, wenzake wengi walikuwa bado hawaamini kwamba lava ya namna hiyo inaweza kuwapo.

Mvua huyaosha magadi hayo ya mlima, vijito huyabeba, na mwisho wake ni ziwani. Nilipoelewa hivyo, picha nzima ilinikaa: mlima ndio jiko, ziwa ndilo sufuria.

Usidhani ni mlima mpole. Mwaka 1966 ulilipuka, na Septemba 2007 ukalipuka tena na kumwaga majivu kwa miezi. Kabla yake, Julai, matetemeko yalisikika hadi Arusha na Nairobi. Wapandaji huanza saa 6 usiku ili wafike juu alfajiri na kushuka kabla jua halijachoma. Saa 7 usiku niliviona vitochi vyao, vidogo kama vimulimuli, vimepanga mstari ubavuni. Nilikuwa macho kwa sababu ya upepo. Kijana alikuwa ametuambia mapema: mgongo wa hema uelekee ukingo wa Bonde la Ufa, kwa maana upepo wa usiku unashuka kutoka huko. Sisi tukaelekeza mlango huko, tupate mandhari. Vigingi viwili viling'oka, hema likajaa hewa kama puto, na mimi na binamu tukalala tukiwa tumelikalia kila mtu pembe yake. Dereva alilala garini. Dereva ana akili.

Ndege wa mawe

Fupi tu, kwa sababu habari hii imepewa muda mwingi kuliko inavyostahili. Picha zile ni za Nick Brandt, mpigapicha Mwingereza, na zilitoka kwenye kitabu chake cha mwaka 2013. Aliokota ukingoni mizoga ya ndege na popo iliyokaushwa na kugandishwa na magadi, akaikalisha juu ya vijiti na mawe kama iko hai, akaipiga picha. Yeye mwenyewe alieleza hivyo. Waliosambaza wakasema ziwa linamgeuza kiumbe jiwe akiligusa tu. Mizoga inakauka, ndiyo, kwa njia ile ile ya Wamisri. Walio hai wanakwenda kunywa chemchemi asubuhi.

Nyayo za watu 17

Asubuhi ile, kabla ya kuondoka, tulipelekwa kusini mwa ziwa kuona nyayo. Ni mwendo mfupi kutoka Ngare Sero. Engare kwa Kimaasai ni maji. Neno hilo hilo liko ndani ya Engare Nairobi, maji baridi, ambayo yalilipa jiji la Nairobi jina lake.

Kwenye tope la majivu lililokauka na kuwa mwamba kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400, idadi ambayo haijapatikana mahali pengine Afrika kwa nyayo za kale za aina yake. Zina umri wa kati ya miaka 5,700 na 19,000. Mwenyeji mmoja wa hapo ndiye aliyeziona kabla ya wasomi kufika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, nyayo za watu 17 waliokuwa wakitembea pamoja, njia moja na mwendo mmoja, zilipimwa, na ikaonekana wengi wao walikuwa wanawake wazima. Watafiti waliwakumbuka wanawake wa Kihadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao mpaka leo hutoka kwa kikundi kwenda kuchimba mizizi na kuchuma matunda, mara nyingine mwanamume mmoja au wawili wakiwasindikiza.

Niliinama juu ya unyayo mmoja. Kisigino kimezama, vidole vimejipanga vyote vitano, kidole gumba kimejisukuma mbele kidogo pale mwenyewe alipoteleza. Upande wa magharibi wa ziwa hili hili, kule Peninj, Kamoya Kimeu wa Kenya aliokota mwaka 1964 taya la kiumbe wa ukoo wa binadamu mwenye magego mapana, wa miaka milioni 1.5 hivi. Huyo huyo Kimeu, miaka 20 baadaye, ndiye aliyepata mifupa ya kijana wa Turkana. Taya lilinipa heshima. Lakini kile kidole gumba kilichoteleza ndicho nilichoondoka nacho. Jana yake mimi nilizama kwenye tope la jamii hiyo hiyo, na nikapoteza kiatu.

Sufuria

Nilisema sufuria iliharibika, nisije nikasahau. Usiku tulikuwa tumepika wali na maharage ya kopo, na maji ya madumu yalikuwa ya kuhesabu: tulijiwekea lita 5 kwa mtu kwa siku. Kwa ubahili nikaenda kusuuza sufuria ziwani, nikaiacha na maji yale mpaka asubuhi, ukoko ulainike. Ukoko ulilainika kweli. Sufuria nayo ilikuwa nyeusi tii ndani, yenye madoa kama ya ukoma, kwa sababu magadi hula alumini. Dereva aliitazama, akatazama boneti ya gari, akatutangazia kwamba atakayethubutu kutia maji ya ziwa lile kwenye rejeta atarudi Arusha kwa miguu.

Wakati tunafunga mizigo, mama mmoja wa Kimaasai alipita na gunia dogo la magadi kichwani. Tukaamkiana: "Sopa." "Ipa." Kijana akatutafsiria kwamba mengine ni ya ng'ombe na mengine ya ugoro wa wazee. Nilinunua bonge moja, la kijivu lenye mistari myeupe, zito kuliko lilivyoonekana, nikalifunga kwenye gazeti.

Nyumbani nilimpelekea bibi pamoja na sufuria. Sufuria aliisogeza pembeni bila maswali. Bonge alilifungua, akalinusa, akaligusa kwa ncha ya ulimi, akakunja uso.

"Hii kali," akasema. "Umeitoa wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za mlima na lava na ziwa lisilo na mlango. Alikuwa ameshavunja kipande kidogo kuliko ukucha, akakitumbukiza kwenye chungu cha maharage, na kuniambia nichochee moto.